Potali mpya ya wanachama: ada inalipika, kumbukumbu hazionekani

Chama chetu cha kitaaluma kimebadilisha tovuti yake yote pamoja na potali ya wanachama, na kwa kuwa mimi ni katibu wa tawi, simu za "naingiaje?" hunifikia mimi kabla ya kufika makao makuu. Kwa hiyo nimeitumia kwa nafasi mbili: mwanachama anayelipa ada yake, na mtu anayewasaidia wengine kulipa zao. Kazi kubwa imefanywa vizuri kuliko nilivyotegemea. Ila kuna jambo moja limeharibiwa ambalo halikupaswa kuguswa kabisa.

Nianze na ada, maana ndiyo inayowaleta wengi. Zamani ulikuwa unapakua fomu, unaichapa, unaijaza kwa kalamu, unaipiga picha na kuituma kwa barua pepe pamoja na stakabadhi ya benki, kisha unasubiri mhazini aingize jina lako kwenye jedwali lake la Excel. Akiwa safarini, ulihesabiwa kuwa si mwanachama hai hata kama ulishalipa, na kwenye orodha ya wapiga kura wa mkutano mkuu hukuwemo. Sasa ukiingia tu unakuta jina lako, namba ya uanachama na kisanduku kilichoandikwa "Hai hadi 31 Desemba". Chini yake kuna kitufe kimoja: Lipa ada. Ukishalipa, kwa simu au kwa kadi, kisanduku kinabadilika papo hapo na risiti inapakulika, ikiwa na jina la chama, namba ya muamala na kipindi ulicholipia. Mwajiri anayewarudishia wafanyakazi wake ada hana cha kuuliza zaidi.

Kisanduku hicho nimekipenda kwa sababu nyingine pia. Uanachama ukiisha, kinatoka kijani na kuwa chekundu, lakini na maneno yenyewe yanabadilika: "Umekwisha". Wapo watu, wanaume hasa, wasioweza kutofautisha kijani na nyekundu, na aliyesanifu aliwakumbuka. Ndiyo maana nashindwa kuelewa kwa nini maelezo ya fomu yameandikwa kwa kijivu kilichofifia juu ya weupe. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, unaoeleza jinsi ya kufanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, unataka utofauti wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake. Hiki nimekipima, hakifiki hata 3. Wastaafu wetu, walioijenga taaluma hii, wanasoma kwa kubana macho, na kurekebisha ni kubadilisha rangi moja tu.

Kuingia ndiko kulikowatesa watu. Nywila za zamani hazikuhamishwa, na hilo nalielewa: nywila iliyotunzwa vizuri huwa imefumbwa isiweze kurudishwa ilivyokuwa, na si kila mfumo mpya unaweza kutumia zilizofumbwa na mfumo uliotangulia. Shida ni kwamba kiungo cha kuweka nywila mpya kilitumwa kwenye anwani iliyokuwa katika daftari la wanachama, na wengi walijiandikisha kwa barua pepe za kazini, tena kazi walizokwisha kuacha. Mtu anaambiwa "tumekutumia kiungo", na kiungo kimekwenda kwenye sanduku ambalo hana tena ruhusa ya kulifungua. Dawa ilikuwa kuwaomba watu wahakiki anwani na namba zao za simu wakati tovuti ya zamani ingali hewani. Hata sasa ofisi inaweza kututumia sisi makatibu wa matawi kuwathibitisha tunaowafahamu kwa sura.

Halafu kuna hili la kuzuia kubandika nywila. Unatunza nywila ndefu kwenye programu ya kuzihifadhi, unaikopi, potali inakataa. Lazima uichape herufi kwa herufi. Najua nia ilikuwa usalama, lakini matokeo yake ni watu kuchagua nywila fupi. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri tangu 2017 kwamba kubandika kuruhusiwe, na WCAG 2.2 ya mwaka 2023 imeweka kigezo kizima kinachogusa jambo hili. Hiki kizuizi kiondolewe.

Sasa lile linaloniuma: kumbukumbu. Tovuti ya zamani ilikuwa na sura mbaya, lakini ilibeba majarida yetu, maazimio ya mikutano mikuu, miongozo ya maadili na marekebisho ya katiba ya chama. Anwani za kurasa hizo zimenukuliwa kila mahali: kwenye barua kwa waajiri, kwenye tasnifu za wanafunzi, kwenye kanuni za tawi letu wenyewe. Ukibofya leo unapata 404, ukurasa haupatikani. Baadhi ya nyaraka zimo humo humo kwenye tovuti mpya, kwa anwani nyingine. Nilipotafuta mwongozo wa maadili nikaukuta chini ya "Rasilimali", faili ikiwa na jina jipya, na tarehe ya kupitishwa kwake imefutwa, imewekwa tarehe ya kupakiwa. Mwenye shauri la nidhamu anahitaji kujua ni toleo lipi lilikuwa likitumika siku ya tukio. Tarehe ya kupakiwa haimsaidii, bali inampotosha.

Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika. Na ikibidi ibadilike, seva ina jibu la 301, linaloiambia programu ya kuperuzi kwamba ukurasa umehamia mahali fulani kwa kudumu, na msomaji anafikishwa huko bila kujua kilichotokea. Kinachohitajika ni orodha ya anwani za zamani na mpya, safu mbili tu. Ni kazi ya kuchosha, lakini bila hiyo historia ya chama inabaki mikononi mwa wachache waliohifadhi nakala.

Kwa upande wa makatibu, nafuu ni kubwa. Naona wanachama wa tawi langu pekee: jina, namba, hali ya ada. Simu ya mtu siioni mpaka yeye mwenyewe aruhusu, na mpangilio wa mwanzo ni kuficha. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Alama za mafunzo endelevu zinaingia, ila faili ya cheti isizidi MB 1, na picha za simu nyingi za sasa huzidi hapo. Ikikataliwa, unaandikiwa "Hitilafu" bila maelezo. Ukurasa wa mbele una picha kubwa za viongozi zinazobadilishana. Kwenye mtandao dhaifu zinachelewesha kila kitu, na kitufe cha kuingia kimesukumwa chini yake.

Kama unataka kulipa ada au kupata risiti, ingia bila wasiwasi, na ukishaingia badilisha anwani yako iwe ya binafsi. Picha ya cheti ipunguze kwanza kabla ya kuipakia. Anayetafuta azimio au toleo la zamani la mwongozo aandikie ofisi, ataje mwaka wa mkutano uliolipitisha, na aambatishe ile anwani iliyokufa. Ofisi ikizipata za kutosha, itakuwa na mahali pa kuanzia hiyo orodha ya safu mbili.