PARES: Kuzisoma nyaraka za Uhispania na Amerika bila kwenda Sevilla

PARES ni tovuti ya serikali ya Uhispania inayofungua hifadhi za nyaraka za taifa hilo. Kwa anayefuatilia uvamizi wa Amerika, utajiri wake mkubwa ni Archivo General de Indias, hifadhi iliyoanzishwa Sevilla mwaka 1785 kwa amri ya Mfalme Carlos III. Ina mabunda yapatayo 43,000, na kurasa zake hukadiriwa kufikia milioni 80. Kusoma ni bure na hakuhitaji kujisajili. Ila si kila bunda limepigwa picha, kwa hiyo hakikisha hilo kwanza.

Wanaokatishwa tamaa na PARES kwa kawaida huandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia na kuishia hapo. Kitafutio hakisomi waraka wenyewe. Kinasoma maelezo mafupi ya wahifadhi, nayo yako kwa Kihispania. Cortés, kiongozi wa watekaji wa Mexico, yumo kama Hernán, yumo kama Hernando, na kuanzia 1529 yumo pia kama Marqués del Valle. Majina ya nchi za leo nayo hupotosha: kwa Mexico jaribu Nueva España, kwa Bolivia jaribu Charcas. Ukiandika Trujillo, mji wa Uhispania alikozaliwa Pizarro, mtekaji wa Peru, huchanganyika na wa Peru na wa Honduras.

Njia inayolipa ni kuingia kupitia Inventario Dinámico, yaani mpangilio wa hifadhi yenyewe, na kuteremka sehemu kwa sehemu hadi kwenye bunda. Karatasi hizi bado zimekaa kwa kufuata ofisi zilizozishughulikia, hivyo jiulize: jambo hili lingepita mezani kwa nani? Abiria, meli na mizigo vimo katika Contratación, kumbukumbu za ofisi ya biashara ya ng'ambo iliyofunguliwa Sevilla mwaka 1503. Kesi zimo Justicia. Barua za magavana na maaskofu zimo Gobierno, zikiwa zimegawanywa kwa maeneo ya mahakama kuu kama México, Lima na Santo Domingo. Hati za Papa na mikataba ziko Patronato. Rejea kama INDIFERENTE,418,L.1 ina maana ya sehemu, bunda la 418, kitabu cha 1. Inakili ilivyo, pamoja na koma zake.

Mfano mzuri ni Juan Garrido, Mwafrika aliyekuwa miongoni mwa watekaji wa Mexico. Mwaka 1538 aliwasilisha ushahidi wa utumishi wake ili apate fadhila za mfalme, akidai kuwa yeye ndiye wa kwanza kupanda ngano Nueva España. Anayemtafuta kwenye nyaraka za biashara ya watumwa hatamwona. Ombi lake limo katika bunda la MEXICO,204, kwa sababu ni shauri la mkazi wa eneo hilo mbele ya serikali. Maombi ya aina hii yasomwe kwa tahadhari: mwombaji ndiye aliyetunga maswali, na mashahidi aliwaleta yeye. Majibu yenye uzito zaidi ni pale shahidi anapoacha kukubali tu, akaongeza jambo aliloliona mwenyewe, au akasema alilisikia kwa watu.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni mwandiko. Kuza picha na uongeze utofauti wa mwanga na giza, lakini hata hivyo mwandiko wa procesal wa makarani wa mahakama utakutesa, kwa maana kalamu haiinuliwi na maneno hushikana. Anza na amri za kifalme, ambazo kwa kawaida husomeka vizuri zaidi na hurudia maneno yaleyale. Zoea vifupisho: "dho" ni dicho, "Xpoval" ni Cristóbal. Kwenye hesabu za fedha za wakati huo, reale moja ni maravedi 34, na dukati moja ni maravedi 375. Angalia pia tarehe za mwanzoni mwa karne ya 16: baadhi ya makarani walianza mwaka mpya Krismasi, hivyo waraka wa siku za mwisho za Desemba unaweza kubeba mwaka unaofuata.

Upungufu mkubwa wa PARES ni upande wa Ureno. Kuhusu Brazili PARES ina machache, na mengi hutafutwa katika Digitarq, tovuti ya hifadhi ya Torre do Tombo ya Lisbon, inakotunzwa barua ya Pero Vaz de Caminha ya tarehe 1 Mei 1500, iliyompasha mfalme wa Ureno habari za kufika Brazili. Hata Mkataba wa Tordesillas wa 1494, ambao Uhispania na Ureno ziligawana nchi za ng'ambo, unakulazimisha kutumia hifadhi zote mbili, kwani nakala ya Kireno iko Sevilla na ya Kihispania iko Lisbon.

Wenyeji wa Amerika husikika kwa nadra, na mara nyingi kupitia mkalimani. Wasikilize kwenye kesi za Justicia, wanapolalamikia kodi na kazi za kulazimishwa. Kesi hizo ni ndefu, kwa hiyo hifadhi kila picha kwa jina lenye rejea kamili na namba ya ukurasa tangu ya kwanza.