Kigari cha mtoto chenye kiti kinachogeuka: tathmini baada ya miezi kumi na moja

Binti yangu alipotimiza mwezi mmoja, nilinunua katika duka moja la vifaa vya watoto Kariakoo kigari cha kusukuma ambacho kiti chake hugeuzwa: kikikaa upande mmoja mtoto humtazama anayemsukuma, kikigeuzwa mtoto hutazama njia. Nililipa shilingi 420,000, fedha ambazo kwa mwalimu wa sekondari si haba, nikakipakia kwenye buti la basi hadi Tanga, na huku nimekitumia karibu kila siku kwa miezi kumi na moja. Vigari visivyogeuka, vile ambavyo mtoto hutazama mbele tu, viliuzwa dukani humo kwa chini ya nusu ya bei hiyo. Kwa hiyo nilichokilipia zaidi si magurudumu wala kitambaa, bali nafasi ya macho ya mtoto kukutana na yangu tukiwa njiani, na hicho ndicho ninachokitathmini hapa.

Muuzaji alinihakikishia kwamba mtoto anayemtazama mama yake “anakuwa na akili sana”. Hayo ni maneno ya biashara, na mnunuzi ayapokee hivyo. Utafiti wa vigari unaotajwa mara nyingi ni ule ulioongozwa na Suzanne Zeedyk wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, uliotolewa mwaka 2008: jozi zaidi ya 2,700 za wazazi na watoto zilichunguzwa barabarani, ikaonekana kwamba wazazi waliotazamana na watoto wao walielekea kuzungumza nao takriban mara mbili kuliko wale ambao watoto wao walielekezwa mbele. Katika jaribio dogo la watoto 20 lililoambatana na uchunguzi huo, nusu yao walicheka walipokuwa wakitazamana na mama zao, na mmoja tu ndiye aliyecheka alipoelekezwa mbele. Huo ni ushahidi wa mazungumzo na vicheko, haujasema neno juu ya akili. Lakini kwangu mimi mazungumzo na vicheko vilitosha.

Inafaa pia kujua kwamba vigari vingi vimeelekezwa mbele bila mtu yeyote kuyafikiria macho ya mtoto. Mwaka 1965 Owen Maclaren, mhandisi wa ndege wa Uingereza, alibuni kigari chepesi cha alumini kinachokunjwa kama mwavuli, na wepesi huo ndio uliopendwa duniani kote. Kiti cha kitambaa kilichotundikwa ndani ya fremu ya namna ile kwa kawaida hakigeuzwi. Kiti kinachogeuka mara nyingi kinadai fremu nzito zaidi. Changu kina kilo 11 bila mtoto, na kwenye ngazi ya nyumba yetu kilo hizo hunikumbusha kila asubuhi kwamba wepesi wa Maclaren haukuwa jambo dogo.

Sasa niingie kwenye macho yenyewe. Wiki nne za kwanza za matumizi zilinikatisha tamaa, na kosa halikuwa la kigari. Mtoto mchanga huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani kama kutoka titi la mama hadi uso wake. Nilichukua futi kamba ya fundi cherehani nikapima kutoka machoni mwangu, nikiwa nimeshika mpini, hadi machoni mwa binti yangu aliyelala kitini, nikapata sentimita 96. Kwa umri ule nilikuwa kwake kivuli chenye nywele. Si kwamba mchanga hajali macho: mwaka 2002 Teresa Farroni na wenzake waliwaonyesha watoto wenye umri wa siku 2 hadi 5 picha za nyuso, wakakuta kwamba waliutazama kwa muda mrefu zaidi uso wenye macho yanayowaelekea kuliko uso wenye macho yaliyopindishwa pembeni. Uwezo huo upo tangu mwanzo, ila hufanya kazi kwa karibu, mtoto akiwa amepakatwa. Anayenunua kigari cha aina hii kwa ajili ya mwezi wa kwanza ananunua mapema mno, nami nilikuwa mmoja wao.

Mwezi wa nne mambo yalibadilika kabisa. Alianza kunishika kwa macho tangu nilipokuwa nikifunga mkanda, na tulipotoka alikuwa akisubiri nimtazame ndipo atoe sauti yake, kisha ananyamaza kana kwamba ananipa zamu. Katika kipindi hiki, mpaka kama mwezi wa tisa, kiti kilirudisha fedha yangu. Siku moja, tukiwa kwenye kivuli cha miti ya Raskazone, niliingiwa na ujumbe wa kazini nikasimama kuusoma, uso wangu ukielekea simu na mkono mmoja ukiwa mpinini. Nilipoinua macho nilimkuta ameshapitia hatua zote: alikuwa amepiga miguu, amepaza sauti mara mbili, na sasa amegeuza kichwa na kuutazama ukingo wa kifuniko cha jua kama mtu aliyenuna barazani. Tangu mwaka 1978 Edward Tronick na wenzake nchini Marekani walionyesha jambo hili kwa utaratibu, mama akiombwa aukaushe uso, yaani asionyeshe hisia yoyote, kwa muda mfupi mbele ya mtoto wake. Mtoto hujaribu kumrudisha kwa tabasamu na mikono, asipofaulu hugeuka pembeni. Onyo langu kwa mnunuzi ni kwamba kigari kinachomtazamisha mtoto kwa mzazi kinamtazamisha pia kwa mzazi aliye kwenye simu. Kwa anayetembea huku akichati, kigari cha kuelekea mbele pengine kina huruma zaidi.

Kasoro kubwa ya muundo huu, ambayo sikuiona ikitajwa na muuzaji wala kwenye boksi, ilijitokeza mtoto alipokaribia mwaka. Katika umri huo mtoto hahitaji tu kutazamwa. Anataka kujua wewe unatazama nini. Michael Scaife na Jerome Bruner waliandika mwaka 1975 kwamba watoto wachanga hugeuka kufuata upande anaogeukia mtu mzima, na George Butterworth baadaye akaonyesha mpaka wa uwezo huo: mtoto wa mwaka mmoja hukipata kitu kinachotazamwa endapo kiko mbele ya macho yake, lakini hatafuti kilicho nyuma yake hadi afikie kama miezi 18. Sasa tazama tunavyokaa barabarani. Mimi natazama njia, na njia yote iko mgongoni kwa binti yangu. Mbuzi akipanda juu ya ukuta huko Ngamiani, macho yangu yanaruka hapo, binti yangu anayaona yakiruka, anageuza kichwa kidogo, hakuti kitu, ananirudia mimi. Kiti kikigeuzwa, binti yangu ndiye anayemwona mbuzi kwanza, ila hana habari kama mama yake naye amemwona, kwa kuwa uso wangu uko juu na nyuma yake.

Hapo ndipo mbeleko inapokishinda kigari cha shilingi 420,000, na nalisema hili bila kejeli. Mtoto aliye mgongoni anaelekea ninakoelekea. Nikigeuka kushoto kumtazama muuza madafu, shavu na sikio langu viko sentimita chache kutoka puani mwake, mwili wangu wote unageuka naye, na kile ninachokitazama kiko mbele yake na yeye. Hanioni macho, lakini hana shida ya kujua nimeelekea wapi. Mama mkwe wangu, aliyewalea watoto saba kwa kanga, alikizunguka kigari siku ya kwanza, akauliza, “Na ukitaka kumwonyesha kitu, mwanangu, unafanyaje?” Nilidhani ni utani, nikajibu, “Nitamgeuza, mama.” Imenichukua miezi tisa kutambua kwamba lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa kuhusu kifaa hiki.

Wala asije mtu akadhani kwamba mtoto asiyetazamana sana na mama yake amepungukiwa. Katika miaka ya 1970 Robert LeVine na wenzake waliwachunguza akina mama wa Kigusii huko Kisii, Kenya, wakaona kwamba mtoto aliposisimka kwa kumtazama mama, mara nyingi mama aliyaondoa macho yake; kilichotafutwa kilikuwa mtoto mtulivu, na heshima kati ya vizazi nayo ilikuwa na sheria zake juu ya nani anamkazia nani macho. Sisi wa pwani tuna yetu: mtoto wa miezi sita tunamwita “nitazame mama, nitazame”, akifika miaka sita tunamwambia asiwakodolee wakubwa. Kilichonisaidia zaidi katika tafiti hizi ni kitu kidogo kisichouzwa dukani. Atsushi Senju na Gergely Csibra walionyesha mwaka 2008 kwamba mtoto wa miezi sita hufuata jicho la mtu mzima pale ambapo kwanza ametazamwa usoni au amesemeshwa kwa sauti ya kubembeleza. Na mwaka 2019 utafiti uliofanywa Vanuatu, nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki, ambako watoto hawakai sana uso kwa uso na wazazi, ulikuta kwamba watoto wa miezi mitano hadi saba walifuata jicho baada ya kusemeshwa kwa sauti hiyohiyo ya kitoto. Nimeigeuza kuwa desturi ya barabarani: nasimamisha kigari, nakiweka ubavu, namwita, akishanitazama ndipo natazama mbuzi. Hufanya kazi mara nyingi kuliko kumwonyesha kwa kidole.

Kuhusu kukielekeza mbele, lazima niwaseme watu wazima, maana wao ni sehemu ya safari. Mtoto anayeelekea njia hutazama kila anayekuja, na hutazama bila kipimo. Watu wazima wana kipimo: utafiti uliofanywa kwa wageni karibu 500 wa Jumba la Makumbusho ya Sayansi, London, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta kwamba kwa wastani watu huridhika kutazamwa machoni na mtu wasiyemjua kwa sekunde 3.3. Binti yangu humkazia mtu macho kutoka kwenye kona ya msikiti hadi anapotupita. Nimewaona wanaume wazima, wenye nyuso kavu za asubuhi, wakishindwa katikati ya safari hiyo: nyusi zinapanda, mdomo unalegea, na wengine husalimia, “Hujambo, Bibi?” Kwa upande wangu nikiwa nyuma, raha hiyo naisoma kwenye nyuso za watu, si kwenye uso wa mwanangu.

Si wote wanaoifurahia. Bi mkubwa mmoja wa jirani alitusimamisha, nikampa shikamoo, akaniambia kwa upole: “Marahaba. Mwanangu, unamtembeza mtoto uso wazi hivi, na macho ya watu hayana pazia. Mpake japo wanja.” Kwake yeye jicho halipokei tu, hutoa pia, na laweza kutoa kijicho. Sikubishana naye. Nilimgeuza mtoto anielekee, na kwa mara ya kwanza kiti kiligeuka kwa sababu ambayo mtengenezaji hakuiwazia.

Kugeuza kwenyewe si kwepesi. Vibanio viwili vya pembeni lazima vibonyezwe kwa pamoja kwa mikono miwili, jambo linalomaanisha kwamba mtoto hushushwa kwanza na kushikwa na mtu mwingine. Mchanga uliingia kwenye kibanio cha kulia mwezi wa tano, kikakwama kwa wiki mbili. Duka lilikataa kukipokea kwa hoja kwamba mchanga si kosa la kiwandani. Fundi baiskeli alikisafisha kwa mafuta ya taa kwa shilingi 2,000, na hakijasumbua tena. Magurudumu na breki ni imara. Kitambaa kinashika joto, na saa sita mchana hakifai. Kwenye bajaji kinaingia kikiwa kimekunjwa, kwenye daladala usijaribu.

Lakini kosa lisilosameheka ni kifuniko cha jua. Kiti kinapomwelekea mzazi, kifuniko kikishushwa kuzuia jua la kaskazini-mashariki tunaloenda nalo asubuhi, kinauziba uso wangu kabisa. Yaani kifaa kilichouzwa kwa sababu ya kutazamana hakina kidirisha mahali pa kutazamania. Vigari vya bei ya juu zaidi vina kipande cha wavu au cha plastiki angavu mahali hapo. Nilikipeleka kwa fundi cherehani, akakata mraba wa sentimita 12, akashonea wavu wa chandarua kwa tabaka mbili na kuuzungushia utepe, akatoza shilingi 5,000.

Kwa hiyo, kwa mwenye mtoto wa miezi mitatu au minne, anayeishi ghorofa ya chini na kutembea kwenye lami, nashauri akinunue, na aende dukani na mtoto, ashushe kifuniko, ashike mpini, aone kama bado anaonwa. Mwenye mtoto wa mwaka na nusu achukue cha kuelekea mbele, cha nusu bei, chepesi. Mwenye mchanga wa wiki mbili asubiri. Kanga mbili anazo tayari. Changu nitakiuza mwakani, na kile kidirisha cha chandarua nitakitaja kwenye bei.