Uzoefu wangu: likizo ya kutembea milimani na marafiki, chini ya kiongozi wa kukodi

Kabla hatujalipa, kundi letu la WhatsApp liliwaka moto kwa swali moja tu: kiongozi wa nini? Njia zimewekewa alama kwenye mawe, simu zina ramani, na miongoni mwetu wamo watu wanaokimbia kila asubuhi. Waliotaka kiongozi walishinda kwa sababu gharama yake, ikigawanywa kwa vichwa, haiumi. Sasa tumerudi, na kama kuna kitu kimoja kwenye kifurushi kile ambacho ningekilipia tena bila kujiuliza, ni yeye. Jina la kampuni naliacha makusudi. Vifurushi vya namna hii vinafanana sana.

Utaratibu wao ni huu: wanakupangia njia, wanakushikia nafasi kwenye vibanda vya kulala, mabegi makubwa yanatangulia kwa gari, na wewe unatembea na begi dogo la mgongoni lenye maji, koti la mvua na chakula cha mchana. Vibanda vilikuwa safi, vitanda vya ghorofa, blanketi za kutosha, bafu la foleni. Mabegi yalifika kila siku kabla yetu. Hapo sina la kuongeza.

Turudi kwa kiongozi. Siku ya kwanza hakumuuliza mtu kama ana mazoezi. Alituacha tutembee tulivyozoea, yeye akabaki nyuma kabisa anatazama. Haikuchukua muda, kundi likawa limekatika vipande vitatu. Mbele wakimbiaji, katikati wapiga picha na wapiga soga, na nyuma kabisa rafiki yetu mmoja ambaye kazi yake ni ya kukaa kutwa. Wa mbele walifika kwenye jiwe kubwa, wakakaa, wakanywa maji, wakacheka, wakafunga upya kamba za viatu. Yule wa nyuma alipotokeza, wao walikuwa wameshapoa. Wakainuka: "Haya jamani, twende." Kwa hiyo aliyehitaji kupumzika kuliko wote ndiye aliyekosa hata dakika moja ya kukaa, na hakufungua mdomo. Nani atafungua mdomo mbele ya marafiki zake, na likizo ndiyo kwanza imeanza?

Kiongozi akawarudisha chini wote waliokwisha kusimama. Akasema mapumziko yanahesabiwa kuanzia wa mwisho anapokaa, si wa kwanza. Kisha akapanga upya mstari: yeye mbele, rafiki yetu nyuma yake, wakimbiaji mkiani. Wakimbiaji walinuna, lakini mpangilio ule una sababu yake. Msafara wa watu kwenye njia nyembamba ni kama foleni ya magari. Wa mbele akisita kidogo kuvuka jiwe, wa pili anasita zaidi, na huko mkiani watu wanasimama kabisa, halafu wanalazimika kuharakisha ili kuziba pengo. Mkiani ndiko kunakochosha. Ukimweka huko mtu asiye na nguvu, unamkimbiza siku nzima bila kukusudia. Ukimweka wa pili, anapata mwendo usiokatika, na wenye nguvu wanamudu hizo simama-kimbia bila shida.

Kipimo chake cha kasi kilikuwa mazungumzo. Alikuwa anamuuliza rafiki yetu maswali ya kawaida tu, habari za kazi, habari za watoto, na anasikiliza pumzi zaidi kuliko jibu. Sentensi ikikatika katikati, anapunguza hatua. Hakuwahi kumwambia "nakupunguzia". Kufikia siku ya pili tulikuwa tunafika vituoni pamoja, na cha ajabu ni kwamba tulifika mapema kuliko tulivyotarajia, kwa kuwa hakukuwa tena na vituo virefu vya kungojana.

Kitu kingine nilichokipenda ni jinsi alivyofundisha fimbo za kutembelea, bila hotuba. Wengi wetu tulikuwa tumezikodi kwa kampuni na tunazishika kama tulivyozikuta. Akanishika mkono, akaupitisha kwenye kitanzi kutoka chini kwenda juu, kisha akaushusha ili kiganja kikamate mpini pamoja na mkanda. Ukifanya hivyo, uzito unabebwa na kifundo cha mkono, na vidole havina haja ya kubana. Urefu: ukisimama tambarare, kiwiko kijikunje pembe mraba. Ukianza mpando mrefu unazifupisha kidogo, ukishuka unazirefusha. Magoti yangu yana historia, na kwenye mteremko wa mwisho wa siku, ule wa changarawe, nilishuka nikiwa bado napiga stori.

Hizo fimbo zenyewe lakini! Ni zile za kukazwa kwa kuzungusha, na zilikuwa zimechakaa. Mbili kati ya zile tulizopewa zilijikunja zenyewe mtu alipoziegemea, tena kwenye mteremko, mahali unapozitegemea kuliko kwingine kote. Ukikodi, ziegemee kwa uzito wako wote ukiwa bado ofisini kwao. Za kufunga kwa klipu unaziona kwa macho kama zimekaza au la, ndiyo maana naziamini zaidi.

Kuhusu mavazi, orodha waliyotutumia mapema ilikuwa nzuri, na walieleza sababu. Hewa inapoa takribani nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo jua la bondeni halikuambii chochote kuhusu kileleni, na upepo unazidisha. Walikataza jinzi na fulana za pamba kwa sababu pamba ikilowa jasho hukaa na maji na kukuibia joto mwilini. Mmoja wetu alikuja na jinzi yake hata hivyo. Ilipolowa, kutwa nzima tulisikia habari zake. Milima yetu haikufika mita 2,500, ambako watu huanza kusumbuliwa na ugonjwa wa mwinuko, kwa hiyo hilo halikutuhusu. Wewe unayekwenda juu zaidi, angalia ratiba wanayokuuzia: ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kutoka usiku mmoja hadi mwingine, na pawepo siku za kutulia. Ratiba inayokurusha juu ili ipunguze siku, na gharama, iache hata kama bei inavutia.

Kila mtu alipewa filimbi. Tuliicheka mpaka ukungu ulipotufunika kwenye mgongo wa mlima na sauti za watu zikawa zinamezwa hatua chache tu kutoka zilipotoka. Ishara ya kuomba msaada milimani ni milio sita ndani ya dakika, unanyamaza dakika moja, unarudia. Anayekusikia anajibu kwa milio mitatu ndani ya dakika. Usiku unafanya vivyo hivyo kwa tochi. Hatukuihitaji, lakini wapiga picha wetu hawakuachana na mstari tena siku ile.

Lililozua manung'uniko ni siku ya kilele. Tulikuwa tumeshakaribia, kilele tunakiona, na kiongozi akageuza msafara kwa sababu mawingu upande wa pili yalikuwa yanakua kwenda juu kwa kasi na alishasikia ngurumo. Kwenye mgongo mtupu wa mlima wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote, na radi haichagui. Wakimbiaji walibembeleza, "dakika ishirini tu, dada". Akajibu kwamba kilele kitakuwepo kesho, akaendelea kushuka. Hatukupata kesho hiyo, ratiba ilikuwa imejaa. Wapo wenzangu ambao wangeipa safari nyota tatu kwa ajili ya siku hiyo peke yake. Mimi naona ndiyo siku aliyofanya kazi yake barabara, na mvua ya mawe ilitukuta tukiwa tumeshaingia kwenye miti, chini kabisa ya ule mgongo. Ila kampuni ingeweza kuacha siku moja ya akiba kwenye ratiba. Kuuza kilele bila siku ya akiba ni kuuza hali ya hewa nzuri, na hiyo hawana ghalani.

Sasa karatasi ya ratiba, ambayo ndiyo imenifanya niwanyime nyota ya tano. Kwa siku iliyo ndefu kuliko zote iliandikwa kilomita 12, mpando wa mita 900, "karibu saa nne". Nikaona hesabu imetoka wapi. Mskoti William Naismith aliitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, halafu unaongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 12 zinakupa saa mbili na dakika 24, mpando unakupa saa moja na nusu, jumla ni dakika sita pungufu ya saa nne. Hesabu yenyewe haina kosa. Ila ni ya mtu mwenye mazoezi, kwenye njia nzuri, asiyesimama kula, kukojoa, kuvaa koti, kuvua koti, na kungoja watu wapigwe picha. Kundi la marafiki linafanya hayo yote, tena kwa zamu. Sisi tulitumia zaidi ya saa sita, na hatukuwa tumezembea. Aliyeamini karatasi alibeba maji ya saa nne, na mchana ule tuligawana chupa.

Kiongozi anaijua dosari hiyo, kwa sababu kila asubuhi alitupa muda wake mwenyewe kwa mdomo, na muda wake haukukosea sana hata siku moja. Usipokuwa na kiongozi, chukua muda wa kwenye karatasi, ongeza nusu yake, kisha ndio upange maji na saa ya kuanza. Na uanze alfajiri, maana ngurumo nyingi za milimani huja mchana.

Niliwaandikia kampuni kuhusu fimbo na kuhusu karatasi. Walijibu upesi na kwa adabu, wakasema fimbo wanabadilisha na ratiba itarekebishwa. Juzi nilipoifungua kwenye tovuti yao ilikuwa bado inasema "karibu saa nne".