Vioo vya kale vyenye vinara vya mishumaa: kipi ununue kwanza

Dhahabu ya fremu ndiyo inayopanga bei ya vioo hivi, kwa hiyo ikague kabla ya kutazama nakshi. Dhahabu ya karatasi, yaani iliyofuliwa ikawa nyembamba kama karatasi, hubandikwa vipande vya takriban sentimita 8, na mistari ya maungio huonekana kwa kufifia. Penye michubuko huchungulia udongo mwekundu, na chini yake chaki nyeupe. Ukiona rangi ya kahawia iliyofifia, imejaa hadi ndani ya michongo, hiyo ni rangi ya shaba iliyopakwa juu. Kuiondoa ni kazi ya fundi ya siku nyingi, na mara nyingi gharama hupita thamani ya kioo.

1. Kioo mbinuko (kilichobenuka kwa mbele) cha Uingereza, takriban 1800–1820. Cha duara, tai juu, ukingo mweusi ndani. Tunakiweka mbele kwa kuwa hukagulika kwa urahisi. Pima kipenyo kwa wima, kisha kwa mlalo: mbao husinyaa kukatiza nyuzi, hivyo fremu ya kale mara nyingi hutofautiana milimita kadhaa. Chunguza pia mikono ya vinara inapoingia. Tundu lenye mbao nyeupe maana yake vinara vimeongezwa juzijuzi, maana chenye vinara huuzwa ghali zaidi.

2. Rokoko (mtindo wa mapambo mengi ya kujipinda) ya Uingereza, miaka ya 1750 na 1760. Mchongo wake hauna mpinzani, ila majani na mabawa huvunjika. Uliza ni vipande gani vimebadilishwa.

3. Cha Italia, karne ya 19. Mbao ya kweli, bei ya wastani.

4. Nakala za mwisho wa karne ya 19. Maua yanayofanana kabisa yametoka kwenye kalibu, hayakuchongwa. Yakipasuka, waya huonekana ndani. Usilipe bei ya mchongo.

Kioo chenyewe kikiwa cha kijivu chenye madoa yanayometameta, huenda kimepakwa bati na zebaki. Matone ya rangi ya fedha, yaani zebaki yenye sumu, yakionekana chini nyuma ya fremu, usiyaguse wala usiyafagie; mwite mtaalamu.

Usafi ni kwa brashi laini kavu tu: kitambaa chenye maji huyeyusha gundi inayoshika dhahabu. Tundika kwa skrubu mbili zilizoingia ukutani sawasawa, na tumia mishumaa ya betri, kwani joto la moto hupasua chaki.