Madirisha ya vioo viwili Uyole: mzigo wa Dar na kazi ya karakana ya Mbeya

Nasimamia ujenzi wa nyumba za wafanyakazi upande wa Uyole. Ni nyumba za safu, karibu zote ramani moja, na kwenye awamu ya kwanza tulifunga madirisha ya vioo viwili, yaani vioo vilivyobanwa pamoja vikiwa na hewa katikati, kutoka sehemu mbili: kiwanda cha Dar es Salaam na karakana ya hapahapa Mbeya. Wenzangu wenye miradi Njombe, Mafinga na Iringa wamekuwa wakiniuliza kama yanalipa. Yanalipa, ila si kila nyumba wala kila chumba, na vioo vilivyofungwa usawa wa bahari usivipakie kwenye lori kabla hujajua vimeandaliwaje kwa safari ya kupanda huku.

Nianze na hilo la mwinuko, maana ndilo lililotugharimu. Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huku ni pungufu kwa asilimia 18 hivi kuliko Dar. Vioo viwili vinabanwa kwa gundi pande zote nne ili unyevu usipenye, kwa hiyo hewa iliyonaswa kiwandani inabaki humohumo. Lori likipita Ruaha Mbuyuni na kuanza kupanda Kitonga, hewa ya nje inalegea na ya ndani inaanza kusukuma. Kama vioo visingepinda hata kidogo, msukumo huo ungefikia karibu tani 1.8 kwa kila mita ya mraba. Kioo kipana kinapinda, hewa inapata nafasi, msukumo unapungua. Kioo kidogo ni kigumu, hakipindi, kwa hiyo mzigo wote unabaki kwenye kioo na kwenye gundi ya pembeni.

Ndiyo maana kwetu vilivyopasuka kwanza vilikuwa vidirisha vya choo na stoo, ambavyo hakuna aliyekuwa na wasiwasi navyo. Vile vya sebuleni vilifika vizima lakini vimetuna. Fundi wetu wa aluminiamu aliweka rula juu ya kimoja, akaniita: "Mama, njoo uone, kimevimba kama andazi." Ukisimama uwanjani asubuhi, paa la nyumba ya jirani linaonekana humo limepinda.

Dawa ipo na si ya ajabu. Watengenezaji wanaojua kazi za milimani huweka kimirija chembamba cha chuma kwenye upau unaotenganisha vioo, hewa isawazike njiani, na mzigo ukifika kinabanwa na kuzibwa. Kuna aina nyingine, nyembamba zaidi, ambayo huachwa wazi moja kwa moja. Kiwanda tulichonunua kwake hakikuweka chochote, na hakikuuliza mzigo unakwenda wapi. Kilitubadilishia vilivyopasuka, hilo nawapa haki yao, lakini ule muda wa kusubiri ulituangukia katikati ya masika. Jambo jingine la kuangalia hapa ni agoni, gesi inayojazwa kati ya vioo badala ya hewa ili joto lipite kidogo. Ukiambiwa ndani ya vioo kuna agoni na kuna kimirija kinachobaki wazi, usilipie gesi hiyo, kwa sababu itatoka kwa njia hiyohiyo.

Karakana ya Mbeya haina tatizo hilo kabisa. Inafunga vioo kwenye hewa ileile vitakamoishi. Hata mzigo ukienda Njombe au Makete, tofauti ya mwinuko ni ndogo ukilinganisha na ile ya kutoka pwani. Kwa mradi wa nyumba nyingi, mimi hiyo pekee inanitosha kuanza nao.

Udhaifu wao uko kwenye usafi na unyevu. Ule upau wa katikati una tundu ndani, na humo hujazwa chembechembe za kunyonya unyevu uliobaki kati ya vioo. Nilipotembelea karakana nilikuta pipa la chembechembe limeachwa wazi, na nje mvua inanyesha. Chembe zikikaa wazi zinanyonya unyevu wa chumba, zinachoka kabla ya kazi, na dirisha linapata ukungu wa ndani ambao hakuna kitambaa kitakachoufikia. Kuna kipimo chepesi: weka chembe kidogo kiganjani, dondoshea maji. Zikiwa bado nzima utasikia zinapata moto. Zile za pipani hazikupata moto wowote. Niliwaomba wafungue mfuko mpya mbele yangu na wanunue vyombo vyenye mfuniko wa kubana. Walikubali bila maneno mengi, na tangu hapo kila shehena napima kabla ya kusaini. Vioo vyenye alama za vidole kwa ndani nilivirudisha pia. Kijana anayefunga sasa anavaa glavu, na kazi yake kwenye kona, pale gundi nyeusi ya ndani inapokutana na ile ya nje, imekuwa safi kiasi cha kuridhisha.

Kwa upande wa joto, nieleze kwa takwimu zinazojulikana. Kioo kimoja cha milimita 6 hupitisha karibu wati 5.7 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Vioo viwili vyenye nafasi ya milimita 12 ya hewa hupitisha karibu 2.8. Ni nusu. Juni na Julai, usiku wa huku unaposhuka chini ya nyuzi 10, tofauti unaiona ukisogeza kitanda karibu na dirisha. Lakini nyumba zetu hazina mashine za kupasha joto. Joto lililopo ni la jua la mchana na la jikoni. Kama juu kuna bati tupu bila dari, joto linapandia huko, na fedha ya vioo ni afadhali ingeanzia kwenye dari. Nimemwambia hivyo mteja mmoja wa Mafinga, akakasirika kidogo, baadaye akaweka dari.

Fremu nayo ina neno lake. Aluminiamu ya kawaida inapitisha baridi moja kwa moja, hivyo kioo kinakauka huku fremu inatiririsha maji asubuhi. Kuna aluminiamu yenye kipande cha plastiki kinachokata njia ya joto katikati, ni ghali. Fremu za plastiki ngumu zinafanya vizuri zaidi kwenye hili.

Na kuslaidi! Karibu kila mteja anataka dirisha la kuslaidi, kwa sababu halili nafasi na grili inakaa popote. Lakini dirisha la kuslaidi linazibwa kwa brashi, na upepo wa Uyole na vumbi la kiangazi vinapita kwenye brashi. Dirisha la bawaba linapofungwa linagandamiza raba pande zote. Tulijaribu yote mawili kwenye nyumba ya mfano inayotazama barabara kuu, malori ya Tunduma yakipita usiku kucha. Lile la kuslaidi lenye vioo viwili lilipitisha kelele zaidi kuliko la bawaba lenye kioo kimoja kinene. Usilipie vioo viwili kisha uviweke kwenye fremu inayovuja. Ukichagua bawaba la kufungua nje, grili na nyavu ya mbu vinabidi viwe ndani, kwa hiyo amueni mapema kabla ya lipu.

Kuhusu kelele hiyo ya malori, muungurumo mzito haujali sana idadi ya vioo. Vioo viwili vya unene sawa vinatikisika pamoja kwenye mlio uleule. Tuliomba cha nje kiwe milimita 6 na cha ndani 4, na vyumba vya kulala vya upande wa barabara vikatulia kwa kiasi ambacho wapangaji wenyewe walikisema bila kuulizwa.

Muuzaji mmoja alinihakikishia kwamba vioo vyake vina utando wa kuzuia joto lisitoke. Nikasubiri giza liingie, nikawasha kiberiti cha gesi mbele ya kioo. Kwenye vioo viwili utaona miali minne ikiakisiwa, miwili kwa kila kioo. Penye utando, mmoja kati ya minne unakuwa na rangi tofauti. Yote minne ilikuwa na rangi moja. Sikununua kwake.

Sasa jambo ninaloliomba kwa moyo wangu wote. Watu wa huku wakati wa baridi huingiza jiko la mkaa chumbani. Dirisha la zamani lenye nyufa lilikuwa linapitisha hewa, vibaya lakini linapitisha. Dirisha hili jipya halipitishi kitu. Gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu ya kukuamsha, na familia nzima inaweza isiamke. Kila chumba tulichofunga vioo viwili tumeacha tundu la hewa la kudumu juu ya linta, lenye wavu, lisilozibika kwa mkono. Mpangaji anaelezwa ana kwa ana siku ya kukabidhiwa ufunguo, na anaonyeshwa tundu hilo kwamba si kosa la fundi. Msimamizi anayefunga madirisha ya kubana na kusahau tundu anahatarisha watu.

Kwenye ufungaji, angalieni vitu viwili. Kioo kikae juu ya vipande vya raba ngumu, kisigusane na aluminiamu. Na matundu ya kutolea maji chini ya fremu yasizibwe na silikoni wala lipu, maana maji yakisimama pale yanaila gundi ya ukingo na ukungu unaingia. Tulikuta mafundi wa rangi wameyaziba kwenye safu nzima, wakidhani wanasaidia.

Awamu ya pili naipa karakana ya Mbeya, kwa masharti yaliyoandikwa: saizi nne tu kwa mradi mzima, tarehe ya kufungwa ichapwe kwenye upau wa kila kioo, vioo visafiri vimesimama na visipangwe juani, vya akiba viletwe pamoja na shehena ya mwisho, na dhamana itaje ukungu wa ndani kwa jina lake, siyo "kasoro za kiwanda" peke yake. Bei yao kwetu ilizidi ya dirisha la kioo kimoja kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo vioo viwili vitakwenda vyumba vya kulala na upande wa barabara. Jikoni, stoo na choo vitabaki na kioo kimoja chenye raba nzuri.