Ngalawa ndani ya Ziwa Tanganyika: mwaka wangu mmoja na wachapishaji huru wa katuni

Ni mwaka mzima sasa tangu nilipojiunga, kama msomaji wa kulipia, na kampuni ndogo ya Dar es Salaam inayochapisha vitabu vya katuni kwa fedha zake yenyewe, na kwa kuwa watu wawili watatu hapa Mwanga, Kigoma, wameniuliza kama fedha yangu imekwenda bure, nimeona niandike niliyoyaona. Jina la kampuni silitaji, maana baadhi ya nitakayoyasema ni malalamiko, na wenyewe nimekwisha kuwaeleza kwa simu.

Utaratibu wao ni mwepesi. Unalipa shilingi 40,000 kwa simu, nao wanakutumia kwa basi matoleo manne kwa mwaka, kila moja likiwa na kurasa 32, jalada la rangi na michoro ya ndani ya wino mweusi mtupu. Kila mwezi hutuma pia kwa WhatsApp jarida fupi la habari, lenye kueleza nani anachora nini, kitabu kipi kimechelewa na kwa sababu gani, pamoja na uhakiki wa kitabu kimoja au viwili, ambavyo mara nyingi ni vya kwao wenyewe. Uhakiki huo ndio ulionivuta nikalipa. Leo hii ndiyo sehemu ya jarida lao ninayoiamini kidogo kuliko zote.

Toleo la kwanza lilikuwa hadithi ya mtoto wa mvuvi wa Ziwa Tanganyika, na mhakiki wao alikuwa ameisifu kwa kuonyesha maisha ya ziwani kama yalivyo. Nililisoma pamoja na mpwa wangu, ambaye likizo zake hushinda Kibirizi na usiku mwingine hufuatana na wavuvi. Hatukufika mbali. Katika ukurasa wa 3 mtoto yule na baba yake wanatweka tanga la pembetatu juu ya ngalawa yenye mirengu pande zote mbili, chombo cha pwani ambacho sijapata kukiona katika maji haya tangu nizaliwe. Wavuvi wa dagaa wa hapa hutoka usiku usio na mbalamwezi kwa mitumbwi ya mbao, wakawasha taa juu ya maji ili dagaa wakusanyike, kisha wakainua wavu kutoka chini ya mwanga ule, na mtu akisimama ufukweni huona taa hizo zimetapakaa mbali kama mji mwingine. Mchoraji yeyote angetamani ukurasa wa namna hiyo. Katika ukurasa wa 11 mama anamzuia mtoto asivuke mpaka maji yakupwe, na hapo mpwa wangu akanitazama akauliza, "Mjomba, kwani ziwa nalo hukupwa?" Maji yetu hupanda na kushuka kwa mvua za misimu na miaka, mabadiliko ya kutwa yanayofuata mwezi, kama ya bahari, hatuyajui.

Niliwaandikia bila ukali, nikaambatanisha picha ya mtumbwi wa taa niliyoipiga mwenyewe. Nilitarajia kimya. Jarida la mwezi uliofuata lilifunguliwa na kosa hilo, likiwa juu kabisa ya habari nyingine zote: mchoraji alikiri kwamba amekulia Bagamoyo na hakuwahi kufika Kigoma, kisha akaweka mchoro mpya wa ule ukurasa wa 3, taa zikiwaka. Neno moja halikusemwa kuhusu mhakiki aliyepitisha ngalawa ile kwa sifa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikizisoma habari zao kwa makini, na uhakiki wao nikiusoma kama mtu anavyosoma tangazo.

Ushahidi wa pili ulikuja na toleo la tatu, linalosimulia meli ya Liemba, na kwangu hili ndilo bora katika manne. Kisa chenyewe wengi wa hapa tunakijua tangu utotoni: meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 ikapakiwa vipandevipande katika masanduku, ikavushwa bahari mpaka Dar es Salaam, ikaletwa kwa reli na kuunganishwa hapa Kigoma, mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili isitekwe, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Kitabu kinachagua kukaa sana mahali pamoja, nacho kimechagua vizuri. Kuna ukurasa mmoja wenye fremu sita usio na neno hata moja, unaoonyesha mafundi wakiipaka injini grisi nzito kabla ya kuizamisha meli, ili kutu isiile itakapokuwa chini ya maji. Katika fremu ya mwisho tunaona kiganja tu, kimelala juu ya chuma, hakijaondoka. Uhakiki wa kampuni ulitumia aya tatu kusifu jalada, na ukurasa huo haukuutaja kabisa.

Jambo jingine ambalo jarida lao limenifundisha ni ugumu wa kuandika katuni kwa Kiswahili. Mhariri wao alieleza kwamba neno moja letu, kama "hawatakuelewesha", hubeba sentensi nzima ya lugha nyingine lakini halikatiki kwa urahisi ndani ya kiputo chembamba cha maneno ya mhusika, kwa hiyo wachoraji waliozoea kuiga katuni za nje huacha nafasi ndogo, kisha maandishi yakasongamana hadi kusomeka kwa taabu. Wao siku hizi huandika maneno kwanza ndipo wakachora kiputo, na tofauti inaonekana wazi ukilinganisha toleo la kwanza na la nne. Hata milio wameiacha iwe yetu: mtu akitumbukia majini, maji yanasema "chubwi". Sisi tuliokua tukigombania gazeti la katuni la Sani nyumbani hatukuhitaji kufafanuliwa hilo, lakini vijana wengi wamezoea milio ya kigeni.

Nije kwenye lalamiko la fedha. Nakala yangu ya toleo la pili ilifika na kasoro: baada ya ukurasa wa 8 ulirudi wa 5, ukaendelea hadi wa 8 tena, kisha ukaruka hadi wa 13, na kule mwishoni kurasa za 25 hadi 28 zilijirudia wakati za 21 hadi 24 hazipo. Vitabu hivi hupigwa pini katikati, na karatasi moja iliyokunjwa hubeba kurasa za mwanzo na za mwisho kwa pamoja, ndiyo maana karatasi moja ikiingizwa mara mbili mahali pa nyingine, hadithi hukatika sehemu mbili. Niliirudisha kwa basi kwa gharama yangu. Wiki iliyofuata nikapigiwa simu na kuulizwa, kwa adabu lakini kwa mashaka, kwa nini kitabu kina rangi ya chungwa na kinanuka. Kumbe kifurushi kilikuwa kimewekwa chini ya dumu la mafuta ya mawese. Ilinibidi nimweleze binti wa watu mawese ni nini na kwa nini kila basi litokalo Kigoma huyabeba. Nakala nyingine nililetewa, ila nauli ya kurudisha ile mbovu, shilingi 5,000, sijarudishiwa hadi leo, na kila nikikumbusha naambiwa mhasibu ameandikiwa.

Pamoja na hayo nimelipia mwaka wa pili, na mpwa wangu amechangia shilingi 10,000 katika hizo. Nimewaomba mawili tu: wafunge vitabu kwa nailoni, na uhakiki wa vitabu vyao wawape watu wasiolipwa nao. La kwanza wamelikubali. La pili wamesema watalijadili.