Kuomba taarifa ofisi ya elimu huku Mtwara

Ofisi ya elimu ya halmashauri moja huku Mtwara naipa nyota mbili tu jamani. Niliandika barua kuomba mchanganuo wa ruzuku ya shule yetu ya msingi, ile sh. 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sheria ya haki ya kupata taarifa ya 2016 inawapa siku 30 wawe wamejibu, zikapita kimya, ukienda mara afisa yuko kikaoni mara faili halionekani. Dada wa masijala ndo namsifu, alinigongea mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu bila longolongo (usiondoke bila huo mhuri). Jibu lenyewe likaja la mdomo, eti kamuulize mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu nae anasema hesabu ziko halmashauri. Sasa mzazi aende wapi? Wabandike tu kwenye ubao wa matangazo pale shuleni tusome wenyewe.